Siku 27 za mbembeo usioonekana

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, itie maji nusu, kisha mimina mawese juu yake hadi shingoni. Kama asubuhi ina baridi, yapashe moto kidogo kwanza yasigande. Funga kizibo vizuri, ilaze chupa, inua ncha moja kwa kidole, iachie. Mpaka kati ya mafuta na maji utaanza kubembea polepole, kama mtu mwenye usingizi, na utaendelea hata baada ya chupa yenyewe kutulia kabisa.

Ziwa Tanganyika ni chupa hiyo, imelazwa kutoka Bujumbura kaskazini hadi Mpulungu kusini, urefu wake kilomita 673. Badala ya mawese kuna maji ya vuguvugu ya juu, na chini yake maji ya baridi ambayo yanaendelea hadi mita 1,470 kwenda kilindini. Mpaka wa matabaka hayo hupanda na kushuka kwa makumi ya mita, na aliyesimama Kibirizi, pale Kigoma, akingoja boti haoni lolote. Uso wa ziwa umetulia tu. Wataalamu wa maziwa huliita jambo hili seshi ya ndani. Mimi nitasema mbembeo, maana ndivyo ulivyo.

Kinachonivutia ni kwamba muda wa mbembeo huu unakokotolewa kwa hesabu ya kidato cha nne, kwenye karatasi moja, na jibu linaangukia karibu sana na vipimo. Halafu ukigeuza karatasi upande wa pili na kuuliza swali moja tu la ziada, unajikuta kwenye hisabati ambayo bado inaandikwa.

Tuanze na uso. Mwaka 1828 Johann Rudolf Merian wa Basel alionyesha kwamba maji yaliyo kwenye beseni refu lenye kina sawa hubembea kwa muda T = 2L gawanya kwa kipeuo cha pili cha gh. L ni urefu wa beseni, h ni kina, g ni mvutano wa dunia, 9.81. Sababu yake ni nyepesi: wimbi refu husafiri kwa kasi ya kipeuo cha gh, na mbembeo mmoja ni safari ya kwenda na kurudi. Wastani wa kina cha Tanganyika ni mita 570. Zidisha na 9.81 upate 5,592. Kipeuo chake ni mita 74.8 kwa sekunde. Mita 1,346,000 gawanya kwa 74.8 ni sekunde 18,000. Saa 5 kamili.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni kuweka kina kikubwa kabisa, 1,470, kwa sababu ndicho kinachotajwa redioni. Jibu linashuka hadi saa 3 na dakika chache. Kosa la pili ni la kiungwana zaidi na hata vitabu hulipitia juujuu: wastani wa kina siyo unaotakiwa. Wimbi hutumia muda mrefu kwenye maji mafupi, kwa hiyo unachotakiwa kujumlisha ni dx, yaani urefu wa kipande kifupi, gawanya kwa kipeuo cha gh(x), h(x) ikiwa kina cha hapo, kipande kwa kipande, kama alivyofanya Du Boys mwaka 1891. Na kwa kuwa 1 gawanya kwa kipeuo cha h ni mchoro uliobinuka kuelekea chini, kutolingana kwa Jensen, kanuni ya wastani wa michoro iliyobinuka hivyo, kunakuhakikishia upande gani umekosea: kwa njia ya Du Boys, muda hauwezi kuwa mfupi kuliko ule wa wastani wa kina. Ziwa letu lina mabonde mawili makuu, la kaskazini likipita mita 1,300 na la kusini likifika 1,470, na kati yao kuna mgongo. Saa 5 basi ni sakafu ya makadirio.

Sasa tushuke chini.

Kwa matabaka mawili, mlinganyo haubadiliki umbo, vinabadilika viungo viwili. Badala ya g unaweka g iliyopunguzwa, yaani g mara tofauti ya densiti gawanya kwa densiti. Badala ya h unaweka h1 mara h2 gawanya kwa jumla yake, h1 ikiwa unene wa tabaka la juu na h2 wa la chini. Maji yasiyo na chumvi yana densiti ya kilo 996.79 kwa mita ya ujazo yakiwa nyuzi 26, na 997.42 yakiwa nyuzi 23.5. Tofauti ni 0.63. Gawanya kwa 997, zidisha na 9.81: 0.0062. Kwenye chupa ya mawese tofauti ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa maji. Hapa ni chini ya sehemu moja ya elfu. Ndiyo maana mbembeo wa ziwa ni wa uvivu wa ajabu.

Tabaka la juu tulipe mita 60, la chini 510. Mita 60 mara 510 gawanya kwa 570 ni 53.7. Zidisha na 0.0062, chukua kipeuo: mita 0.577 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea huku akisoma simu. Mita 1,346,000 gawanya kwa 0.577 ni sekunde milioni 2.33. Siku 27.

Vipimo vilivyokusanywa ziwani kwa miongo kadhaa vinasema wiki 3 hadi 4. Kwa hesabu ya mistari sita, hiyo ni zawadi.

Lakini zawadi ikaguliwe. Kwanza, ona jinsi kilindi kilivyotoweka. Tabaka la chini likiwa nene sana, ile sehemu ya h1h2 inakaribia h1 peke yake. Mahali ambapo chini kuna mita 1,200, 53.7 inakuwa 57. Umbo la sakafu ya ziwa, lililotusumbua kwenye saa 5, hapa halina kauli kubwa. Ukichukulia tabaka la chini halina mwisho kabisa, kasi inakuwa 0.61 na muda siku 25.5. Siku moja na nusu tu ya tofauti.

Pili, kinachotawala ni unene wa tabaka la juu. Punguza mita 60 ziwe 40, na siku 27 zinakuwa 32. Mita 60 nilizoweka mimi ni namba ya mviringo. Mpaka wenyewe si mstari uliochorwa kwa rula bali ni eneo ambamo joto hushuka kidogo kidogo, na ukiukata mita 10 juu au chini unapata jibu jingine. Kipimajoto, kinyume chake, hakina makosa makubwa. Tofauti ya joto ni nyuzi 2.5, kipimajoto kikikosea 0.1 juu na 0.1 chini kwa pande zinazopingana, ni asilimia 8, na kipeuo kinaikata kuwa asilimia 4. Siku moja. Kwa hiyo anayetaka kuboresha hesabu asihangaike kununua kipimajoto cha bei mbaya. Aongeze idadi ya vipimajoto kwenye kamba, hasa kati ya mita 30 na 110.

Kuna jambo hapa linalowapoteza wasomaji wa vitabu vya Ulaya. Wanaona nyuzi 2.5 wanacheka: hilo nalo ni tabaka? Densiti ya maji haishuki kwa mstari ulionyooka. Karibu na nyuzi 25, nyuzi moja hupunguza densiti takriban mara tatu zaidi ya inavyofanya maji yakiwa nyuzi 10. Nyuzi 2.5 za Kigoma zina nguvu ya nyuzi 7 hivi za ziwa la baridi.

Nani anaisukuma chupa? Upepo wa kusini-mashariki, kuanzia Mei hadi Septemba. Ukivuma mita 6 kwa sekunde, mkwaruzo wake juu ya maji ni densiti ya hewa 1.1, mara 0.0013, mara 36, yaani karibu 0.05 kwa kipimo cha niutoni kwa mita ya mraba. Ni kidogo mno, ila unakwaruza kilomita 673. Ukiendelea bila kukoma mpaka kila kitu kitulie, uso wa ziwa utainuka upande wa kaskazini kuliko kusini kwa 0.05 mara 673,000 gawanya kwa (1,000 mara 9.81 mara 570): milimita 6. Fanya hesabu ileile kwa mpaka wa ndani, ukiweka 0.0062 badala ya 9.81 na mita 60 badala ya 570, upate mita 90. Mara 15,000 zaidi, na kwa mwelekeo wa kinyume: kaskazini mpaka unazama mita 45, kusini unapanda mita 45 na kubakiwa na mita 15 tu kufika juu.

Kuna kipimo kimoja kinachofupisha habari yote hii, namba ya Wedderburn, iliyopewa jina la Mskoti aliyepima maziwa ya kwao mwanzoni mwa karne ya 20. Ni unene wa tabaka la juu gawanya kwa tofauti hiyo ya ncha kwa ncha: 60 kwa 90, yaani 0.67. Ikishuka hadi 0.5, maji ya chini yanatokeza juu upande wa kusini. Maji hayo ndiyo yaliyobeba mbolea ya ziwa, na dagaa hawana pengine pa kuipata. Makala mbili zilizotoka mwaka 2003, moja kwenye jarida la Nature na nyingine kwenye Science, zilijenga hoja juu ya kiungo hikihiki: uso ukizidi kupata joto, g iliyopunguzwa inakua, namba ya Wedderburn inapanda, upepo uleule unainua mpaka kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Mabishano kuhusu kiasi gani cha upungufu wa samaki ni joto na kiasi gani ni nyavu hayaishi, wala hesabu hii peke yake haiwezi kuyamaliza.

Anayetaka kuukamata mbembeo kwa vipimo afikirie mahali na muda kabla ya kufikiria vifaa. Mbembeo wa kwanza una kitovu katikati ya ziwa, maeneo ya Mahale, ambapo mpaka haupandi wala haushuki. Ukitundika kamba ya vipimajoto pale utarudi na mstari ulionyooka na kudhani ziwa limelala, kumbe mkondo wa maji ndiyo una nguvu zaidi hapohapo. Kigoma iko takriban robo ya urefu kutoka kaskazini, kwa hiyo inapata asilimia 71 ya kimo cha mwisho wa ziwa, yaani kosaini ya digrii 45. Si mahali pabaya. Mradi mkubwa wa utafiti wa miaka ya 1990 uliosimamiwa na FAO kwa fedha za Finland ulikuwa na vituo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, na ukiitazama ramani kwa jicho la hesabu hii, uchaguzi huo unakwenda sawa.

Muda ni mgumu zaidi. Ili kutofautisha mdundo wa siku 24 na wa siku 30 unahitaji rekodi isiyopungua siku 1 gawanya kwa (1/24 toa 1/30), yaani siku 120. Miezi minne. Na kiangazi chenyewe chenye upepo ni miezi mitano! Kabla hujapata rekodi ya kutosha, tabaka la juu limeshabadilika unene, na mdundo uliokuwa ukiutafuta umehama. Uchanganuzi wa Fourier, ile njia ya kuivunja rekodi nzima kuwa midundo, unadhani kitu kinachopimwa hakibadiliki tabia, jambo ambalo ziwa halikuahidi. Ndiyo maana watu wamehamia kwenye viwimbi, yaani vipande vifupi vya mawimbi vinavyotelezeshwa juu ya rekodi na kuuliza, wiki baada ya wiki, mdundo gani unasikika sasa.

Hata ukiusikia, bado hujui ni wa nani. Ikiwa upepo wenyewe unapungua na kuongezeka kila baada ya wiki tatu au nne, ziwa litaufuata hata kama mdundo wake wa asili ni mwingine. Mtoto anayesukumwa kwenye bembea na kaka yake hubembea kwa mpigo wa kaka. Bila kupima upepo sambamba na maji, kipimo kimoja cha siku 27 hakithibitishi siku 27 zilizotoka kwa Merian.

Na dunia inazunguka. Wengi huacha jambo hili kwa hoja kwamba tuko karibu na ikweta, na kwa beseni dogo wangekuwa sahihi. Kigoma iko digrii 4.9 kusini, kipimo cha Coriolis hapo, yaani kiasi ambacho mzunguko wa dunia hupindisha mwendo, ni 0.0000125 kwa sekunde. Gawanya kasi ya 0.577 kwa namba hiyo upate kilomita 46, umbali ambao mzunguko wa dunia huanza kuhesabika. Upana wa ziwa ni kilomita 50 hivi. Bahati mbaya gani hiyo: viwili vinalingana, kwa hiyo huwezi kuutupa mzunguko wala kuutegemea peke yake. Kule kusini kabisa, digrii 8.8, kilomita 46 zinakuwa 26. Wimbi linalogandamana na ufuko, aina inayoitwa ya Kelvin, likiwa na kimo cha mita 20 upande mmoja, ng'ambo linabaki na mita 7 kwenye latitudo ya Kigoma na mita 3 karibu na Mpulungu. Kwa nusu yetu ya dunia husafiri likiwa na ufuko mkono wa kushoto: linapanda kaskazini kwa pwani ya Kongo na kushuka kusini kwa pwani ya Tanzania. Kwa hiyo ule mbembeo wa chupa, ukiuangalia kutoka juu, unazunguka kama mshale wa saa.

Tuache mzunguko kwa sasa tufike kwenye kompyuta, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa njia ya kufundisha.

Programu yoyote ya majedwali inatosha. Gawa ziwa vipande 67 vya kilomita 10. Unene wa tabaka uweke katikati ya kila kipande, kasi ya maji uiweke kwenye mipaka ya vipande. Mipaka ni 68, na ile miwili ya mwisho kasi yake ni sifuri daima. Kila mstari wa jedwali ni hatua moja ya muda. Ukijaribu kuubeba uso wa ziwa pamoja na mpaka wa ndani, wimbi la mita 75 kwa sekunde linakulazimisha hatua isiyozidi sekunde 133, na siku 150 zinadai mistari 97,000. Ufunike uso kwa kifuniko kigumu cha kubuni, chukulia tena kwamba tabaka la chini halina mwisho, ubaki na wimbi la 0.61, na hatua ya saa 2 inaruhusiwa bila shida. Mistari 1,800.

Utaratibu una mtego mmoja. Kasi mpya ihesabiwe kwanza kutokana na mteremko wa unene, kisha unene mpya uhesabiwe kwa kasi hiyo mpya. Ukitumia kasi ya zamani kwa unene, jambo ambalo linaonekana la haki zaidi, mawimbi mafupi kuliko yote hukua kwa theluthi moja kila hatua. Baada ya hatua 40, siku tatu na ushee, kosa dogo la kufupisha tarakimu limekua mara 90,000, na jedwali linajaa namba ndefu zisizo na maana. Kupunguza hatua ya muda hakuponyi, kunachelewesha tu.

Ukifanya sawasawa, washa upepo wa mita 6 kwa ghafla na uangalie safu ya kusini kabisa. Upepo ulioanza ghafla hauishii kwenye mita 45 za utulivu. Chupa inapitiliza, na bila msuguano inafika mara mbili yake, mita 90. Unene pale unashuka karibu kwa mstari ulionyooka, kama mita 0.6 kila hatua. Kwenye mstari wa 102, siku ya 8 na nusu, unafika sifuri. Mstari wa 103 unasoma namba hasi. Kufika siku ya 13 tabaka la juu lina unene wa toa mita 30, na programu haijalalamika hata kidogo, kwa sababu mlinganyo wa mstari nyoofu haujui kwamba maji hayawezi kuwa chini ya hakuna.

Dawa ya haraka ni kuzuia kipande kisitoe maji kuliko kilichonayo, na kuweka unene wa chini kabisa, tuseme mita 1. Hapo upepo unakuadhibu. Mkwaruzo unagawanywa kwa unene: kwenye mita 60 unaongeza kasi kwa mita 0.006 kwa sekunde kila hatua, kwenye mita 1 unaongeza 0.36. Hatua mbili, na maji yanakimbia kuliko wimbi lenyewe.

Dawa ya kweli ni kutumia milinganyo kamili ya matabaka mawili, na humo ndimo wanahisabati wamekwama kwa heshima. Kila tabaka linaisukuma jirani yake kwa kiasi cha unene wa hili mara mteremko wa lile. Mawimbi yakiwa laini hakuna tatizo. Yakivunjika, unene unaruka ghafla, mteremko wake unakuwa mchomo usio na kipimo mahali palepale pa mruko, na kuzidisha viwili hivyo hakuna maana moja. Dal Maso, LeFloch na Murat walitoa maana mwaka 1995: chagua njia ya kuunganisha hali mbili za pande za mruko, kisha jumlisha juu ya njia hiyo. Parés akaigeuza kuwa mbinu ya kompyuta mwaka 2006. Mwaka 2010 Abgrall na Karni wakaonyesha mifano ambamo mbinu za aina hiyo hutulia vizuri kabisa kwenye jibu lisilo sahihi, hata njia iliyokusudiwa ikiwa imeingizwa kwa usahihi, kwa sababu mnato mdogo unaoletwa na kompyuta yenyewe huchagua njia nyingine.

Kwa Tanganyika, njia inaamuliwa na namna maji ya chini yanavyochanganyika na ya juu pale mpaka unapotokeza, na mchanganyiko hubadilisha joto, na joto hubadilisha ile 0.0062 ambayo tangu mwanzo tumeishika kama haisogei. Mstari wa 102 basi unadai mlinganyo wa joto kwa kila kipande. Jedwali lililokuwa na safu 135 linakuwa na 202.